Char Dham ya Himalaya: kule juu kuna nini hasa, na asiye Mhindu aende?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nasoma Dehradun, India, nipo mwaka wa pili. Kila ikifika mwezi wa tano mji unajaa mabasi ya wazee wanaoenda milimani, wanasema wanaenda Char Dham. Wenzangu wa hosteli wanataka twende wote mwezi wa sita tukimaliza mitihani, wamepanga mahekalu yote manne kwa siku saba. Mimi ni Mkristo, Kihindi changu cha kuombea maji tu. Hivi kule kuna nini mpaka bibi mzima apande mlima wa barafu wakati hekalu lipo mtaani kwake? Na mimi nikienda nitaelewa kitu au nitakuwa nimechoma hela?"

Marahaba mdogo wangu. Nikujibu la mwisho kwanza: nenda, hela haitaungua, ila huo mpango wa mahekalu manne kwa siku saba uvunjeni kabla hamjalipa nauli, nitakwambia mbele kwa nini. Hilo la bibi ndo refu, vumilia kidogo.

Ukitaka kumwelewa huyo bibi anza na ramani ya maji, mahekalu yatafuata yenyewe. Hapo Dehradun upo bondeni, ile milima unayoiona upande wa Mussoorie ni kibaraza tu, nyumba yenyewe ipo nyuma yake na inaitwa Garhwal, nusu ya magharibi ya jimbo la Uttarakhand (nusu nyingine ni Kumaon). Sasa angalia: Yamunotri ndo mto Yamuna unakoanzia, Gangotri ndo barafu inakotoka Bhagirathi, Kedarnath ipo kichwani mwa Mandakini, na Badrinath ipo kando ya Alaknanda. Hayo ndo Char Dham, yaani makao manne: mahekalu manne, mito minne. Mandakini inaingia Alaknanda pale Rudraprayag, halafu Alaknanda inakwenda kukutana na Bhagirathi pale Devprayag, na ni kuanzia Devprayag tu ndo mto unaanza kuitwa Ganga. Huyo bibi anaweza kuwa ametoka kijijini Bihar au Uttar Pradesh, mto huo ameoga tangu mtoto, amepeleka majivu ya mume wake kwenye mto huo, kibuyu cha maji yake kipo kwenye kona ya maombi nyumbani, na yeye mwenyewe anajua siku moja majivu yake yatapita humo humo. Anapanda kwenda kuona yanakotoka. Hekalu la mtaani kwake lina mungu yule yule, hilo anajua vizuri kuliko mimi na wewe, ila chanzo cha mto hakihamishiki.

Ndo maana nakwambia ukifika Devprayag mwambie dereva asimame, msipite tu. Kuna ngazi zinashuka mpaka kwenye ncha ya mwamba pale mito miwili inapokutana, na maji ya Bhagirathi na ya Alaknanda yana rangi tofauti, yanatembea ubavu kwa ubavu kipande kizuri kabla hayajachanganyika, rangi zenyewe zinategemea msimu. Kwenye ngazi za chini kuna minyororo ya chuma imefungwa kwenye mawe, watu wanaishika wakati wa kuoga kwa sababu mkondo una nguvu ya kumbeba mtu mzima mara moja. Utaona mwanaume ameshika mnyororo kwa mkono mmoja, mkono wa pili amemshika mama yake, wanazama mara tatu, wanatoka wanatetemeka wanacheka. Pale Alaknanda imeshapita makutano mengine manne huko juu: Vishnuprayag, Nandaprayag, Karnaprayag na Rudraprayag, na kila moja ni mahali pa ibada. Yaani njia nzima ni takatifu, safari haianzi kwenye mlango wa hekalu.

Hadithi yenyewe ya mto ni hii kwa kifupi. Mfalme Bhagiratha alikuwa na mababu waliokufa kwa laana, roho zao hazina pumziko mpaka Ganga ishuke kutoka mbinguni ipite juu ya majivu yao. Akafanya toba miaka na miaka mpaka Ganga akakubali, ila akishuka kwa nguvu zake zote dunia itapasuka, kwa hiyo mungu Shiva akakubali kumpokea kwenye nywele zake, maji yakapotea humo kwenye misokoto, yakaachiwa taratibu kwa vijito. Sasa simama juu ya Gangotri uangalie barafu yenye urefu wa kilomita 30 hivi, inakamata theluji ya mwaka mzima na kuiachia tone kwa tone mpaka mwisho wake pale Gaumukh, halafu uniambie walioitunga hadithi ile hawakuwa wanaujua mlima wao. Barafu hiyo inarudi nyuma mwaka hadi mwaka na wazee wa huko wanakuonyesha kwa kidole ilipokuwa ikiishia walipokuwa vijana.

Na kuna jambo la chini ya ardhi ambalo waongozaji wengi hawalisemi. Bara la India linaisukuma Asia tangu miaka kama milioni 50 iliyopita na bado linasukuma, na kwenye Garhwal kuna ufa mkubwa wa miamba unaopita mashariki-magharibi kukata mabonde yote haya. Kando ya ukanda huo maji yanazama chini, yanachemka, yanarudi juu. Kwa hiyo Yamunotri kuna chemchemi ya moto, Gaurikund unapoanzia kupanda Kedarnath ilikuwepo, Badrinath ipo pale chini ya hekalu inaitwa Tapt Kund na watu wanaoga humo kabla ya kuingia. Fikiria umetembea kwa miguu kwenye baridi kali, unafika mwisho wa bonde, mbele ni ukuta wa barafu, na miguuni kwako maji yanatoka yakichemka. Yamunotri wanafunga mchele na viazi kwenye kitambaa wanavitumbukiza kwenye chemchemi ya Surya Kund mpaka viive, ndo sadaka wanayorudi nayo nyumbani. Ufa huo huo ndo unaoleta matetemeko: Uttarkashi mwezi wa kumi 1991, Chamoli mwezi wa tatu 1999. Baraka na hatari pale zinatoka shimo moja na wenyeji wanajua hivyo.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mimi binafsi ndo kinanifanya niipende Garhwal kuliko sehemu nyingine yoyote ya Himalaya: miungu ya kule inahama. Mahekalu yote manne yanafungwa majira ya baridi, Gangotri na Yamunotri hufunguliwa siku ya Akshaya Tritiya, mwishoni mwa Aprili au Mei, Kedarnath na Badrinath karibu na hapo hapo, na yanafungwa kuanzia Diwali mpaka nusu ya pili ya Novemba. Theluji ikianza kukaribia mungu anapandishwa kwenye machela yake, wanaiita doli, anashushwa kwa miguu, kwa ngoma, kijiji hadi kijiji mpaka makao yake ya baridi. Wa Kedarnath anakaa Ukhimath, Ganga wa Gangotri anashukia kijiji cha Mukhba, Yamuna anakwenda Kharsali. Na si miungu peke yake, watu nao wanashuka: Wabhotia wa kijiji cha Mana, kile cha mwisho kabla ya mpaka wa Tibet, wanafunga nyumba na kuhamia vijiji vya chini karibu na Chamoli, wachungaji wanashusha kondoo, Wavan Gujjar ambao ni Waislamu wanashusha nyati wao. Mwezi wa nne na wa tano wote wanapanda tena. Mungu anafuata ratiba ya majani na theluji kama mfugaji yeyote, na hakuna anayeona ajabu.

Yamunotri inafungwa siku ya Bhai Dooj, siku ambayo dada wa Kihindu anampaka kaka yake alama kwenye paji la uso na kumwombea maisha marefu. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu Yamuna ni dada wa Yama, mungu wa kifo. Anayeoga mto wa dada, kaka hatamchukua kwa mateso. Ukilijua hilo tu utawaangalia wale wazee kwenye ngazi za Yamunotri kwa jicho jingine kabisa.

Ila Badrinath ndo usiikose, hata kama hutaingia ndani. Tarehe ya kufungua inatangazwa kwenye jumba la kifalme la zamani la Tehri, pale Narendranagar, siku ya Vasant Panchami, na wanawake walioolewa wanakamua mafuta ya ufuta kwa mikono yao, mafuta yanapelekwa juu kwa maandamano kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Badrinath. Siku ya kufunga ndo nzuri zaidi. Ndani ya hekalu kuna sanamu ya Uddhav, rafiki yake Krishna (na Krishna ni Vishnu mwenyewe aliyezaliwa duniani), kwa hiyo Uddhav kwa hesabu ya ndoa ni shemeji mkubwa wa Lakshmi, mke wa Vishnu, na kwa adabu za kule mke hakai chumba kimoja na shemeji mkubwa. Kwa hiyo majira ya joto Lakshmi anakaa kwenye hekalu lake dogo uani. Siku ya kufunga Uddhav anatolewa kwanza, halafu kuhani mkuu anavaa kama mwanamke, kama rafiki wa kike wa Lakshmi, ndo anambeba na kumwingiza kukaa na mumewe kwa miezi sita ya theluji. Halafu Vishnu anafunikwa blanketi la sufu lililofumwa na wasichana wa Mana na kulowekwa kwenye samli, taa inawashwa, mlango unafungwa. Imani yao ni kwamba miezi sita wanaabudu binadamu, miezi sita inayobaki wanaabudu miungu wenyewe. Mlango ukifunguliwa mwezi wa tano lile blanketi linavuliwa na nyuzi zake watu wanagawana kama baraka. Mtu ametoka mbali kupata uzi mmoja wenye samli ya mwaka jana, na anaufunga kwenye leso kama dhahabu. Adabu ya shemeji, baridi ya mtu mzima, samli, sufu, hivi vitu mtu wa pwani au wa bara kwetu anavielewa bila kusoma kitabu chochote cha dini.

Huyo kuhani mkuu wa Badrinath, wanamwita Rawal, hatoki milimani. Ni Brahmin (tabaka la makuhani) wa ukoo wa Nambudiri kutoka Kerala, kusini kabisa mwa India, na ni yeye tu anayeigusa sanamu. Wa Kedarnath naye kwa desturi ni wa jamii ya Lingayat, yenye chimbuko lake Karnataka, kusini pia. Mapokeo yanasema ni utaratibu wa Shankara, yule mwanafalsafa wa Kerala wa karne ya 8 anayehesabiwa kuipa Badrinath uhai upya na kufia Kedarnath akiwa na miaka 32. Badrinath ipo kwenye Char Dham mbili: hii ndogo ya Garhwal na ile kubwa ya pembe nne za India yote, pamoja na Puri mashariki, Rameswaram kusini na Dwarka magharibi. Ndo maana kwenye basi moja utasikia Kitamil, Kigujarati, Kibengali na Kihindi.

Kedarnath ni habari nyingine, huko ni kwa Shiva na kugumu. Ndani ya hekalu lile la mawe ya kijivu kuna jiwe la asili lenye umbo la nundu, watu wanalipaka samli kwa viganja vyao wenyewe. Hadithi inasema ndugu watano Wapandava baada ya vita inayosimuliwa kwenye utenzi wa kale wa Mahabharata walimtafuta Shiva awasamehe damu ya ndugu zao, yeye hakutaka kuonekana akajigeuza fahali, Bhima, mmoja wao, akamkamata, fahali akazama ardhini, nundu ikabaki Kedarnath, mikono ikatokea Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar, nywele Kalpeshwar. Yaani mwili wa mungu umetawanyika kwenye mabonde na anayetaka kumwona mzima inabidi atembee. Na Wapandava kule hawajaisha, vijijini majira ya baridi watu wanacheza ngoma ya Wapandava siku nyingi mfululizo na mtu wa kawaida, mkulima tu, anapandwa na Bhima au Arjuna katikati ya uwanja.

Hapo ndo ufike kwenye utamaduni ambao mabasi hayausimamii. Kila bonde lina mungu wake wa kijiji na yeye naye ana doli yake, anabebwa mabegani, anacheza, anaulizwa maswali ya ugomvi wa mashamba na ndoa na anajibu kwa kuinama. Anaitwa kwa ngoma, dhol na damau, na kwa nyimbo za usiku za jagar. Na nikwambie bila kuficha, wapigaji wa dhol ni watu wa tabaka la chini, wanaojua kwa kichwa nasaba nzima ya mungu na kila mdundo wa kumwamsha, bila wao mungu haji, na bado kwa vizazi na vizazi wamezuiwa kuvuka kizingiti cha hekalu wanalolipigia ngoma. Ukisoma maandishi ya utalii hilo hulikuti. Ukimwona mpiga dhol msalimie kwa heshima, kaa umsikilize.

Halafu kuna Nanda. Kilele cha Nanda Devi kina mita 7,816 na kwa watu wa Garhwal na Kumaon yeye ni binti yao aliyeolewa mbali, kwa Shiva, kwenye barafu. Kila mwaka wanamtembelea, na kwa desturi kila baada ya miaka 12 hivi wanamsindikiza kwenye safari kubwa ya Raj Jat, kilomita kama 280 kwa miguu kutoka kijiji cha Nauti, mbele yao kondoo dume mwenye pembe nne amebebeshwa zawadi za bibi harusi. Ya mwisho kufanyika niliyoifuatilia kwa karibu ni ya 2014. Wanawake wanaimba nyimbo za kumuaga binti na wanalia kweli, kwa sababu wao wenyewe waliolewa mabonde ya mbali. Kule Homkund, chini ya barafu, kondoo anaachiwa aende peke yake na watu wanageuka.

Sasa hatari, maana unaenda mwezi wa sita na sitaki nikusifie tu. Tarehe 16 na 17 Juni 2013 mvua za masika yao ziliwahi, ziwa dogo la Chorabari juu ya Kedarnath likapasuka, maji na mawe yakaufagia mji. Waliokufa au wasioonekana tena bonde zima na majirani zake walizidi 5,000. Hekalu likabaki limesimama kwa sababu jiwe kubwa lilishuka likakwama nyuma yake na kuyagawa maji pande mbili, sa hivi jiwe hilo nalo linaabudiwa. Tarehe 7 Februari 2021 mwamba wenye barafu ukaporomoka juu ya bonde la Rishiganga, zaidi ya watu 200 wakafa au kupotea, wengi wao vibarua wa miradi ya umeme. Mafuriko yale yalipita kijiji cha Reni, kijiji kile kile ambacho tarehe 26 Machi 1974 Gaura Devi na wanawake wenzake walikumbatia miti kuwazuia wakataji. Januari 2023 Joshimath, ambapo Badrinath ana makao ya baridi, mamia ya nyumba zikapasuka nyufa, wakati kamati ya serikali tangu 1976 ilishasema mji umekaa juu ya kifusi cha maporomoko ya zamani na ujenzi mzito usiruhusiwe. Agosti 2025 Dharali kwenye njia ya Gangotri ikafunikwa na tope kwa dakika chache.

Mimi msimamo wangu ni huu na nausema wazi: barabara pana za mradi ulioanza 2016, matundu ya mabwawa, helikopta kila dakika, vinauumiza mlima ambao bado mchanga. Barabara zenyewe nyingi zilikuja baada ya vita na China ya 1962 kwa ajili ya jeshi, kabla ya hapo hujaji alitembea wiki kadhaa kutoka Rishikesh akilala kwenye vibanda vya njiani vilivyoitwa chatti. Mwaka 2023 mahujaji wa Char Dham walizidi milioni 5. Hakuna bonde jembamba linalobeba hao wote kwa miezi sita bila kulipa gharama. Wenyeji wanahitaji barabara, wagonjwa wao wanahitaji hospitali, hilo sibishani nalo. Ila kuchimba mguu wa mlima ili basi lifike saa mbili mapema halafu mlima ukamwagikia basi lenyewe, huo si maendeleo wala si heshima kwa mungu anayekaa juu yake.

Kuhusu kwetu, maana najua utauliza. Ulezi asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ukasafiri mpaka India zamani sana, na leo ndo chakula cha mkulima wa Garhwal, wanauita mandua, wanachoma mikate myeusi wanapaka samli. Watu walipopigania jimbo lao miaka ya 1990, lililopatikana tarehe 9 Novemba 2000, kauli mbiu yao ilikuwa watakula mandua na jhangora (nafaka nyingine ndogo ya kule) lakini Uttarakhand wataiunda. Omba mandua kila mtakapolala, utakula uji wa bibi yako ukiwa umegeuka mkate. Pili, pale Rudraprayag kulikuwa na chui aliyekula watu kwenye njia ya mahujaji kuanzia 1918, waliohesabiwa 125, mpaka mwindaji Jim Corbett alipompiga risasi Mei 1926. Corbett huyo alihamia Kenya 1947, akafa 1955 na kaburi lake lipo Nyeri, uwanja wa kanisa la Mt. Petro. Na tatu, Haridwar, mji wa hija kando ya Ganga, kuna makuhani wanaotunza vitabu virefu vya nasaba, vimepangwa kwa kijiji cha asili na ukoo, hujaji akifika anataja kijiji cha babu yake na kuhani anafungua mpaka anafika kwenye mwandiko wa babu mwenyewe alipokuja. Familia za Kigujarati za Nairobi au Dar, kama mababu walipita Haridwar kabla ya kupanda jahazi, majina yao yanaweza kuwemo humo.

Basi mpango. Manne kwa siku saba maana yake mtakaa kwenye gari saa kumi kwa siku, mtafika usiku, mtapanga foleni alfajiri, mtashuka. Mwili nao utagoma: Kedarnath ipo mita 3,583, chini kidogo tu ya kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, na unapanda kutoka Gaurikund iliyo chini ya mita 2,000, kilomita 16 hivi, kwa siku moja. Wazee wengi wanaokufa njiani ni moyo na pumzi. Kwa hiyo nashauri shikeni bonde moja la Alaknanda mlimalize vizuri: Rishikesh, Devprayag, lala Rudraprayag au Ukhimath uone makao ya baridi ya Kedarnath, halafu Chopta upande Tungnath, ipo mita 3,680 ila kutembea ni kilomita nne tu na ndo ya juu kuliko zote tano za Shiva, kisha Joshimath, Badrinath, na asubuhi ya mwisho Mana kwa miguu. Siku sita zinatosha kwa raha. Kama wenzako lazima waone Kedarnath waongeze siku mbili, na mkalale Guptkashi au Sonprayag usiku wa kwanza mwili uzoee.

Mkiweza kusogeza, nendeni mwisho wa Septemba au Oktoba. Watu wamepungua, mvua imeisha, vilele vyote vinaonekana, Neelkanth juu ya Badrinath asubuhi inawaka rangi ya chungwa. Mkiendelea na Juni basi nendeni mwanzoni kabisa, mrudi kabla ya tarehe 15, na siku mkiambiwa barabara imefungwa msitafute njia ya kuzunguka.

Jisajilini mtandaoni kabla, usajili ni wa lazima na unakaguliwa njiani, wewe beba pasipoti na karatasi zako za ukaazi wa mwanafunzi. Kuingia ndani ya mahekalu uliza kwanza kwa ofisi ya hekalu, sheria za wasio Wahindu zinabadilika na si vizuri kubishana mlangoni, wakisema hapana kaa uani, hutakosa kitu maana nusu ya mambo niliyokuandikia yanatokea nje. Ndani hakuna picha. Nyama, mayai na pombe sahau tangu Rishikesh. Kuvuka Mana kuelekea mpakani au kuingia mabonde ya Nelong na Niti ni habari ya vibali, usijaribu na visa ya mwanafunzi bila kuuliza.

Nyumbu msipande kama mna miguu mizima. Msimu wa 2022 wengi walikufa njia ya Kedarnath kwa kuchoshwa, wanapandishwa na kushushwa siku hiyo hiyo bila maji. Anayehitaji kubebwa kuna wapagazi wenye vikapu vya mgongoni na machela, wengi wao ni Wanepali, lipeni bei iliyobandikwa kwenye kibanda na mwongezeeni chai na chakula. Beba noti ndogo ndogo, juu kule mtandao unakatika na malipo ya simu yanagoma pale pale unapoyahitaji.